Tableti ya Bei Nafuu Iliyomwona Mwizi wa Jikoni

Nimewahi kuona video ya wizi ambayo mwizi wake alikuwa marehemu.

Sitanii. Tulikuwa watu wanne sebuleni, macho yote kwenye kioo kidogo cha tableti, tukamwona mama mkwe wangu, ambaye tulikuwa tumemzika kabla ya msimu wa mvua, anaingia jikoni na sweta yake ya kijani. Akabeba kopo la sukari. Akatoka nalo.

Wifi yangu alipiga yowe.

Mimi niliangalia mlangoni. Mkoba wangu wa nguo ulikuwa tayari kando ya mlango, na video hiyo ndiyo iliyokuwa iamue kama nitaubeba au la.

Ngoja niwaeleze ilivyoanza.

Mimi ni mpiga pasi kwenye dobi la hoteli. Natoka asubuhi, narudi alasiri, mikono ikinuka mvuke na sabuni. Mume wangu ni fundi vioo, kurudi kwake hakuna ratiba. Tulikuwa tunaishi na wazazi wake. Mama mkwe alipofariki, tukabaki na baba.

Baba mkwe alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi mpaka alipostaafu. Stoo ilimtoka kazini, haikumtoka kichwani. Kijiko kikihamia droo nyingine, anajua. Ukirudisha kikombe mpini ukiangalia ukutani, atakuja kukigeuza bila kusema neno.

Kwa hiyo vitu vilipoanza kupotea nyumbani, hakuna aliyebisha. Mtunza stoo akisema kitu hakipo, hakipo.

Ilianza mikasi.

Vikafuata vijiko. Kisha kopo la sukari. Nikanunua sukari nyingine, nayo ikaenda na kopo lake. Nikajisemea labda ni panya. Mume wangu akacheka, "Panya gani huyo anayebeba kopo? Huyo si panya, huyo ni kuli."

Tulikuwa bado tunacheka mpaka ilipopotea saa ya mkononi ya marehemu.

Siku hiyo baba aliniita. Siku zote aliniita "mwanangu". Siku hiyo aliniita "wewe".

"Wewe. Saa ya mke wangu iko wapi?"

"Sijaiona, baba."

"Nani mwingine anaingia chumbani kwangu kufagia?"

Kweli, hakuna mwingine.

"Sijaiona, baba," nikarudia.

Akatoa kufuli mfukoni na kufunga mlango wa chumba chake mbele ya macho yangu.

Tangu hapo nikimwekea chai, anakunywa huku macho yake yakiwa mkononi mwangu.

Mume wangu akaniambia, "Ni msiba huo. Usimjibu."

"Sijamjibu. Nimenyamaza. Na kunyamaza kwangu, kwake ni kukiri."

Sasa, kuna wifi yangu mkubwa. Majirani wanamwita Mkaguzi, na hawakukosea. Akiingia nyumbani kwako, kabla ya salamu kidole chake kimeshapita juu ya kabati kutafuta vumbi. Alikuwa anakuja mwisho wa wiki kumwangalia baba yake.

"Wifi, naona siku hizi nyumba hii inameza vitu," akaniambia siku moja.

"Hata mimi nashangaa, wifi."

"Usishangae sana. Kikulacho ki nguoni mwako." Akacheka kwa meno tu, macho hayamo.

Mwavuli wake pia ulikuwa umepotea pale kwetu. Hakuutaja. Alikuwa anauhifadhi kama risasi ya akiba.

Basi, wiki chache baadaye huyu huyu, ambaye hajawahi kutuletea hata kipande cha sabuni, akaja na boksi.

"Ni tableti. Ya baba. Asikilize habari, aone picha za wajukuu."

Wengine mnaiita kishikwambi. Ilikuwa ndogo, nyeusi, ya kampuni ambayo jina lake sijaliona tena popote. Mume wangu akaigonga kioo kwa ukucha kama anavyogonga vioo vya wateja.

"Dada, hiki si kioo. Hii ni plastiki iliyokwenda shule."

"Wewe kosoa tu. Kwani umemnunulia nini baba?"

Tukakaa mezani tukaichambua kama mahari. Nisiwe mnafiki, ilikuwa na uzuri wake. Nyepesi, mzee anaishika kwa mkono mmoja. Maandishi unayakuza mpaka baba anasoma bila miwani. Chaji inakaa. Ina kava ambalo linaisimamisha yenyewe mezani kama picha ya ukutani.

Ubaya nao ulikuwepo. Ukiigusa leo, inaitika kesho. Spika yake ni nzi ndani ya chupa. Ukiweka programu mbili tu inalalamika kwamba imejaa. Na kamera yake, jamani! Nilimpiga mume wangu picha akiwa amekaa karibu na dirisha, akatoka kama mtu anayeoga nyuma ya pazia la plastiki.

"Rahisi ni ghali," nikasema.

"Kwa kazi yake inatosha," wifi akajibu haraka.

Neno hilo likanikaa kooni. Kazi yake ipi?

Kwa sababu haikuwekwa chumbani kwa baba, wala sebuleni. Mkaguzi aliipeleka jikoni, akaisimamisha kwenye rafu ya juu, uso ukitazama kabati na meza.

"Mtandao unashika vizuri hapa. Usiihamishe, wifi."

Mtandao unashika vizuri juu ya masufuria? Nikaitikia, "Sawa, wifi." Lakini moyoni nikaweka alama.

Siku zikaenda. Baba haigusi tableti. Habari anasikiliza kwenye redio yake ile ile yenye antena ya waya. Tableti imelala, kioo cheusi, waya wa chaji mgongoni.

Jioni moja nafuta rafu, nikaisogeza. Nikaiacha ghafla.

Ilikuwa ya moto.

Kwa kazi yangu, joto la kitu nalijua kwa kugusa tu. Hilo halikuwa joto la chaji, kwani chaji ilishajaa. Lilikuwa joto la kitu kinachofanya kazi. Tableti iliyolala haiwi na homa.

Nikabonyeza kioo. Kikaomba namba ya siri ambayo sisi wa nyumba ile hatukupewa.

Nikajua. Ile si zawadi. Lile ni jicho.

Mnajua kuishi na jicho? Nilianza kutembea jikoni kwangu kama mtu aliyeingia duka la dhahabu na viatu vichafu. Nikifungua kabati natangaza: "Nachukua chumvi!" Nikirudisha: "Chumvi hiyo hapo, nimeirudisha!"

Mume wangu akaingia, akanikuta.

"Unaongea na nani?"

"Na dada yako."

Nikamwonyesha. Nikamshikisha mgongo wa tableti. Akabadilika rangi, na hapo ndipo nilipoamini kwamba yeye hakujua. Alitaka kuirusha dirishani.

"Iache," nikamwambia.

"Niiache? Mke wangu anawindwa nyumbani kwake?"

"Ukiivunja, nimevunja mimi. Nitaitwa mwizi mpaka nazikwa. Iache ione."

Usiku huo sikupika maneno mengi. Nilitoa mkoba, nikapanga nguo.

"Ikionyesha ni mimi, naondoka," nikasema. "Ikionyesha si mimi, hata hapo sijui kama nitabaki. Siwezi kuwa mke ndani ya nyumba ambayo kikombe cha chai kinalindwa dhidi yangu."

Alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa ameshika soksi moja.

Kwenye akili yangu nilishapanga washukiwa. Wa kwanza Mkaguzi mwenyewe. Kwa nini vitu vipotee, halafu yeye ndiye aje na dawa? Mganga mwenye haraka ya kutibu, mchunguze kama siye aliyeleta ugonjwa. Nilishaona mpaka picha: anaingia kwa ufunguo wake nikiwa kazini, anabeba sukari, anataka nyumba ibaki yake.

Mtauliza, mbona mzee anayeshinda nyumbani peke yake hatukumfikiria? Jamani. Mtunza stoo? Hiyo ni sawa na kushuku mizani.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, baba akatuita sebuleni. Wifi alikuwa ameshafika, kajipanga kwenye kiti cha peke yake kama mwendesha mashtaka. Tableti mapajani.

"Siku za mwizi ni arobaini, wifi," akasema.

"Hata za mtegaji zina idadi, wifi," nikajibu.

"Mmeshamaliza?" baba akauliza. Akamgeukia binti yake. "Umeiangalia?"

"Hapana, baba. Ulinikataza."

Hilo lilinishtua. Ulinikataza? Kumbe na baba yumo. Nikautazama mkoba wangu pale mlangoni, nikaona haya, kana kwamba nao ulikuwa umeitwa kikaoni.

"Weka tuone," baba akasema.

Ikachukua muda kufunguka, ile tableti. Duara likazunguka, likazunguka. Mume wangu alikuwa anapumua kwa nguvu kama anayebeba kioo ngazini.

Picha ikaja, ya mwisho iliyobaki kwenye kumbukumbu yake ndogo.

Jikoni kwetu, mchana. Mwanga wa dirisha umeunguza nusu ya picha, nusu nyingine ni ukungu. Kitambo hakuna kitu. Kisha mtu akaingia, kaipa kamera mgongo.

Sweta ya kijani. Kilemba kichwani.

"Mama!" Wifi akapiga yowe, mkono kifuani. "Mama yangu!"

Hata mimi nywele zilisimama. Ule mwendo wa polepole. Ile sweta ambayo aliivaa ugonjwa wake wote. Akafungua kabati, akachukua kopo la sukari, akalipakata kama mtoto.

Kisha nikaona uso wa wifi unabadilika. Hofu ikatoka, hasira ikaingia.

"Hapana," akasema taratibu. "Mama amelala alipolala. Huyu ni mtu aliyevaa nguo za mama." Akanigeukia. "Anaiba vya marehemu, na anavivaa! Hukuona haya?"

"Wifi, mimi sweta hiyo sijawahi..."

"Mwanamke ndani ya nyumba hii ni nani mwingine? Baba, umeona? Kaka yangu, umeona mkeo?"

Nikamtazama mume wangu. Nataka kuwa mkweli: macho yake yalipepesa. Mara moja tu. Lakini niliona.

Kamera ya bei nafuu ilikuwa inaninyonga. Ingekuwa kamera nzuri, mtu yule angekuwa na uso.

Nikasimama kwenda kuchukua mkoba.

"Kaa," baba akasema.

"Baba, niacheni tu niende."

"Kaa, mwanangu. Kuna mtu anaongea hapo. Ongezeni sauti."

Mwanangu. Nikakaa bila kujua miguu yangu imekunjwa na nani.

Wifi akaongeza sauti mpaka mwisho. Nzi ndani ya chupa. Hatukusikia kitu. Mume wangu akainuka, akaleta bakuli kubwa tupu, akaitumbukiza tableti humo ndani kama tunavyofanya na simu tukitaka muziki. Sauti ikapanda kutoka chini ya bakuli, nzito, imejaa.

Ilikuwa sauti ya mwanaume.

"Sukari, ndani. Vijiko, ndani. Nafunga sasa. Usiamke, mke wangu. Nimeshafunga, lala."

Sauti tuliijua, na maneno tuliyajua.

Katika siku zake za mwisho mama mkwe alikuwa na kihoro kimoja. Kila mchana alishikwa na wasiwasi kwamba jikoni hakujafungwa, watu wataingia, watabeba vitu. Alilia mpaka akatetemeka. Hakutulia mpaka mumewe aende jikoni, akusanye vitu, aviweke mahali, arudi kumwambia: nimeshafunga, lala.

Mama alikuwa ameshalala moja kwa moja. Mzee, ndani ya sweta yake, bado alikuwa anafunga.

"Huyo ni mimi," baba akasema.

Alisema kwa sauti ile ile ambayo angesema "hilo debe la rangi nyeupe".

"Baba, siyo..." wifi akaanza.

"Ni mimi. Sikumbuki hata kidogo. Lakini hiyo ni sauti yangu, na huo ni mgongo wangu."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa ufunguo mdogo wenye kutu, akauweka mezani.

"Huu niliukuta ndani ya soksi yangu asubuhi moja. Nikajiuliza ni wa nini, sikupata jibu. Kesho yake nikakuta kijiko chini ya mto wangu, na chumba nimekifunga kwa kufuli langu mwenyewe. Basi nikajua mwizi analala nami."

Mume wangu aliutambua ufunguo. Kibarazani nyuma kulikuwa na friji bovu ambalo mama alilifunga kufuli na kulitumia kama kabati. Sisi tulirundika magazeti na mabati juu yake, tukalisahau. Akauchukua, akatoka. Tukasikia kufuli likilia, kisha mlango wa friji.

Akarudi amekumbatia vitu mpaka kidevuni. Makopo ya sukari. Mikasi. Vijiko vimefungwa mpira kwa mafungu, kama mtunza stoo tu anavyojua kufunga. Saa ya marehemu ndani ya kitambaa safi. Mkate uliokwishaota manyoya ya ukungu.

Na mwavuli wa Mkaguzi.

Wifi aliutazama mwavuli wake kama umemtukana.

"Lakini baba," akasema, sauti imepungua, "wewe ndiye uliyeniambia nilete kitu cha kumwona mwizi. Ukanikataza kumwambia mtu. Mimi nikajua unamtaka... unamtaka huyu."

Hapo ndipo nilipogeuka kumtazama mzee. Ina maana jicho lile halikuwa la Mkaguzi. Lilikuwa lake.

"Nilikuambia ulete kitu cha kuona," baba akasema. "Jina la mtu sikukupa. Jina uliliweka mwenyewe."

Kisha akanigeukia mimi.

"Stoo ina sheria yake, mwanangu. Kitu kikipotea, wa kwanza kupekuliwa ni mwenye ufunguo. Kabla ya mfagiaji, kabla ya dereva. Nimeifuata maisha yangu yote. Kila kilipokosekana kitu kiwandani, nilianza kwa kugeuza mifuko yangu mwenyewe mbele ya watu. Saa ilipopotea nikaisahau sheria hiyo, nikakunyooshea wewe kidole. Nilipokumbuka, niliona haya kusema kwa mdomo. Nikaona bora nipekuliwe. Na wewe uwepo, uone."

Niliitikia kwa kichwa tu, machozi yanaingia mdomoni.

Wifi alipitisha kidole juu ya meza, huku na huko. Hakikuokota vumbi.

"Wifi," akaita.

"Abee."

"Meza yako safi."

Kwa mtu kama Mkaguzi, huo ni msamaha wa magoti. Niliupokea.

Mkoba wangu ulikaa pale mlangoni mpaka kesho yake. Nilikuwa bado sijaamua. Macho ya mume wangu, yale yaliyopepesa, yalikuwa bado yananisumbua, na nilimwambia hivyo. Akasema, "Niliona sweta nikapotea, mke wangu. Sina la kujitetea."

Alasiri niliporudi kutoka dobi, mkoba haupo.

Nikatafuta chumbani. Nikatafuta uvunguni. Baba amekaa kibarazani na redio, hajui lolote, ananisaidia hata kutafuta. Mwishowe nikapata wazo, nikaenda nyuma, nikafungua friji.

Ulikuwa umeshindiliwa humo, nguo zangu zote, na juu yake kawekwa kopo la sukari ili usitoke.

Nililia nikacheka. Nikabaki.

Ugonjwa ule wa kusahau hauna kurudi nyuma, mnajua. Uliendelea kumchukua kidogo kidogo, leo jina, kesho njia ya chooni. Alasiri nilikuwa nafika, navua viatu, tunafunga jikoni pamoja. Yeye anataja, mimi nabeba. "Vijiko." "Ndani, baba." "Sukari." "Ndani." Siku nyingine alidhani mimi ni mkewe, siku nyingine alidhani mimi ni kibarua mpya wa stoo na kunikemea kwa uvivu. Nilijibu vyote.

Alifariki mchana, katika saa zake zile za kufunga. Sijaandika haya ili mnipe pole, ingawa nitapokea. Nimeandika kwa sababu nimeanza kusahau sauti yake ilivyotoka kwenye lile bakuli, na naogopa.

Kwa wale watakaouliza kwenye maoni kama tableti za bei nafuu zinafaa: kwa kusoma habari na kuongea na wajukuu, chukua, usiogope. Kumbukumbu yake ndogo itakuudhi. Joto lake litakutisha. Lakini kama unainunua ili imwone mtu wa nyumbani kwako, jua kwamba itakuonyesha sweta, uso utauweka wewe.

Na fundisho ni hili, kama mnataka fundisho.

Tulikuwa wanne kwenye sebule ile, na wote tulikuwa na shaka. Wifi alinishuku mimi. Mimi nilimshuku wifi. Mume wangu alinishuku kwa kupepesa macho. Sisi watatu tulikuwa na akili timamu.

Aliyekuwa anapoteza akili ndiye peke yake aliyegeuza mifuko yake kwanza.